Natafuta pawa saplai inayojua kunyamaza

Saa sita usiku, feni ya juu nimeizima, madirisha nimefunga, jasho linanitiririka mgongoni, nasoma tangazo la duka la vifaa vya ujenzi mbele ya maiki. Namaliza, navaa hedifoni, nasikiliza. Chini ya sauti yangu kuna kitu kinaunguruma, kinapanda kidogo, kinashuka, kinapanda tena. Nikasema friji hiyo. Nikaenda jikoni nikaichomoa, nikarudi, nikarekodi upya.

Bado kapo.

Hapo ndo ikaanza kunikera. Maana sikio likishaijua kelele halisahau, mchana najibu meseji za wateja nakasikia, nakula mezani nakasikia, wiki zinakatika na mimi nikiwasha kompyuta kazi ya kwanza ni kutega sikio kama mwizi.

## Kelele ya nani?

Mnaonifuata siku nyingi mnaijua mashine yangu, ile ya kuunga, Core i5-10400 na kadi ndogo ya picha, GTX 1650, ninayoeditia video za watu. Feni humo ndani ziko za kutosha: ya prosesa, ya keisi, ya kadi, na ile iliyofichwa ndani ya pawa saplai, lile boksi linalopokea umeme wa ukutani. Programu ya kupima ikanionyesha zote ziko taratibu. Zote isipokuwa moja. Pawa saplai za kawaida hazina waya wa kuipelekea madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, taarifa za feni yake, kwa hiyo ukiangalia kwenye skrini feni hiyo haipo kabisa, unaweza kukodolea namba siku nzima ukaambiwa kila kitu shwari.

Nikakunja gazeti likawa mrija. Ncha moja sikioni, ncha nyingine nikaitembeza nyuma ya keisi, mbali kidogo na matundu. (Usije ukachomeka kijiti kuisimamisha feni ya pawa saplai ili usikilize tofauti, nimeona watu wanashauriana hivyo. Humo ndani kuna umeme wa kuua.) Kwenye feni ya keisi nikasikia upepo tu. Kwenye kadi, upepo. Nilipofika pale juu unapochomekwa waya wa ukutani, gazeti likajaa mngurumo.

Pawa saplai yenyewe ilikuja na keisi, bure, imebandikwa 500W. Nilikuwa sijawahi kuifikiria. Nani anaifikiria?

## Mafuta ya cherehani

Fundi wangu hakutaka hata kuisikiliza. "Dada, hiyo feni imekauka tu, naitia oili hapa hapa inakuwa mpya." Akaichomoa, akafungua skrubu nne, akaibandua ile stika ndogo katikati ya feni, akadondosha tone moja la mafuta ya cherehani. Nilimuuliza kuhusu ile kapasita kubwa, maana umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa kuwa DC humo ndani unafika volti 325 hivi na kapasita inaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa waya. Akacheka. "Nimeshazizoea hizi."

Sawa. Mtu na kazi yake. Mimi nisingeifungua na wewe nakusihi usifungue.

Nikarudi nayo Tabata, kimya. Kimya kweli, nikafurahi, nikarekodi kazi zangu, na siku moja asubuhi ya baridi baridi nawasha mashine ikatoa mlio wa kukwaruza, krrrr, halafu ule mngurumo wa zamani ukafuatia nyuma. Kumbe feni hizi za bei rahisi zina beringi ya bomba tu, ya kulowekwa mafuta, na ndani ya pawa saplai feni inakuwa imelazwa, ekseli yake imesimama wima, mafuta yanavuja na kukauka mapema kuliko feni iliyosimama. Ukitia tone lingine unarudi pale pale baada ya muda.

Lakini kitu kilichonifungua macho hakikuwa beringi. Hata zile siku za kimya, nikianza kutoa video, ile kazi ya dakika arobaini mashine inakaza, feni ilikuwa inapanda. Mafuta yanaondoa mkwaruzo, hayapunguzi kasi. Na kasi inaongezeka kwa sababu kuna kitu humo ndani kinachemka.

Sasa kwa nini kichemke?

## Hesabu ya nyuma ya risiti

Rafiki yangu ana kile kipimo cha kuchomeka ukutani, unakiweka kati ya soketi na kompyuta kinakwambia mashine inakula wati ngapi. Nikakiazima. Wakati wa kutoa video kikasoma 170 hivi.

Pawa saplai kazi yake ni kuugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3 ambazo kompyuta inakula, na katika kugeuza kuna kinachopotea, na chote kinachopotea kinakuwa joto humo humo ndani ya boksi. Zile za bure na keisi ukikadiria zinafikisha asilimia 70 hivi hukosei sana. Kwa hiyo kati ya wati 170 zilizotoka ukutani, 120 ndo zimefika kwenye prosesa na wenzake. Hamsini zimebaki kuchemsha boksi.

Wati hamsini, kwenye boksi dogo kama mkate, Dar, mwezi wa pili, chumba kimefungwa madirisha.

Chukua ile yenye asilimia 90. Ili itoe 120 ile ile inavuta ukutani 133, inabakiwa na 13 za joto. Kumi na tatu! Feni ya kupoza wati 13 inaweza kuzunguka taratibu mpaka usiisikie, au isizunguke kabisa. Nilikaa naiangalia ile risiti. Muda wote nilikuwa natafuta feni isiyopiga kelele na kumbe nilitakiwa nitafute boksi lisilochemka, feni ingenyamaza yenyewe.

Na Luku nayo inapumua. Tofauti ya wati 37 hivi, kwa kazi ya masaa nane kila siku, inakaribia uniti 9 kwa mwezi. Siyo utajiri ila ni uniti.

## Shika mkononi, soma lebo

Kariakoo nilizunguka jumamosi nzima. Kwanza nilipigwa na ule wimbo wa wati: "Chukua ya 700 dada, kubwa haipati shida." Mashine yangu inakula 120, prosesa kwenye karatasi ni wati 65, kadi 75 na hata waya wake wa umeme haina, inakula kwenye sloti tu, sasa 700 ya nini? Na hiyo 700 yenyewe iko wapi?

Nikaigeuza nikasoma. Hapa naomba tukae kidogo, maana hii ndo sehemu ambayo ningependa mtu aniambie miaka mingi iliyopita. Kwenye kila pawa saplai kuna lebo yenye jedwali, tafuta mstari wa +12V, chini yake kuna namba yenye A. Hizo ni ampea. Zidisha kwa 12. Kompyuta za leo karibu kila kitu kizito, prosesa na kadi, kinakula kwenye hiyo volti 12, kwa hiyo hiyo ndo nguvu yake halisi. Ile ya 700 ilikuwa imeandikwa 18A. Mara 12, wati 216. Namba 700 imetoka wapi wanajua waliochapisha stika.

Yangu ya zamani nilipofika nyumbani nikaisoma: 16A. Wati 192, imevaa fulana ya 500.

Kitu cha pili ni uzito. Shika moja mkono huu na nyingine mkono ule. Nyepesi sana maana yake humo ndani vipande vya alumini vya kutolea joto ni vyembamba, koili ni ndogo, kichujio cha umeme unaoingia pengine hakipo kabisa, ubao umeachwa na matundu matupu ambapo kilitakiwa kukaa. Cha tatu, ile swichi nyekundu ya 115/230 nyuma. Swichi hiyo ni dalili kwamba ni muundo wa zamani, hauna saketi ya kisasa ya kusawazisha mvutano wa umeme. (Na mtoto akiichezea akaisogeza kwenye 115, utasikia mlio mmoja tu.) Nzuri za siku hizi zimeandikwa 100-240V, hazina swichi. Kwa sisi wa mitaa ambayo saa mbili usiku taa zinapauka kwa sababu kila mtu kawasha kila kitu, hiyo peke yake inatosha kunishawishi, umeme ukishuka mpaka 180 yenyewe haina habari.

## Dhahabu haisemi kelele

Sasa nikaingia kwenye ule ulimwengu wa beji. 80 PLUS ilianza 2004, inapima ni asilimia ngapi ya umeme inafika, kuna Bronze, Silver, Gold, Platinum, Titanium. Gold kwa kipimo chao cha volti 115 inatakiwa ifikishe asilimia 87 ikiwa na mzigo wa 20%, 90 ikiwa nusu, 87 ikiwa imejaa. Kwenye volti 230 huwa inakuwa nzuri zaidi kidogo. Hiyo ni faida yetu sisi tusio na umeme wa Kimarekani.

Ila beji ya Gold haisemi lolote kuhusu kelele. Unaweza kukuta Gold yenye feni kali kwa sababu aliyeitengeneza aliamua feni ikimbie toka mwanzo. Wanaopima kelele ni Cybenetics, maabara ya Cyprus, wao wanatoa alama mbili, ETA ya umeme na LAMBDA ya kelele, na ile ya kelele A++ ni chini ya desibeli 15, A+ ni 15 mpaka 20, A ni 20 mpaka 25, A- inaishia 30.

Nikawa mgonjwa wa A++. Usiku nasogeza orodha, nalinganisha, bei zinapanda, nikaanza kuangalia mpaka zile zisizo na feni kabisa, Seasonic wa Taiwan wanazitengeneza, bei yake unanunua simu. Halafu nikaja kugundua kitu ambacho kingeniokolea usingizi: ile alama ni wastani wa mizigo yote, kuanzia inapokuwa karibu tupu mpaka inapobebeshwa kila wati iliyoandikwa. Mimi wa wati 120 kwenye pawa saplai ya 550 naishi kwenye robo ya chini kabisa. Huko chini hata ile yenye alama ya kati feni inazunguka kivivu au imesimama. Yenye A++ ingeninyamazia kwenye wati 500 ambazo sitazifika maisha yangu yote.

Nikafunga ile orodha.

Na zile zisizo na feni nikaziacha kwa sababu ya hali ya hewa tu. Zinategemea hewa ijipandie yenyewe na chumba changu kikifungwa ni nyuzi 32. Wa Arusha au Njombe jaribuni mtuambie.

## Lakini kweli kuna haja?

Hapa niligota muda mrefu. Bei ya ninayoitaka ilikuwa kama mara sita ya ile ya stika. Kwa kitu ambacho hakuna mtu atakiona. Mume wangu aliuliza swali moja tu, "Na jenereta la jirani nalo utalinunulia nyingine?" na ana haki, mtaa huu una boda, una baa, una jogoo asiyejua saa.

Ila kelele za nje zinakuja na kuondoka. Boda likipita nasubiri, narudia sentensi. Hii ya ndani inakaa na mimi mwanzo mpaka mwisho wa rekodi. Na zile programu za kufuta kelele nimezitumia sana, zinafanya kazi vizuri kama mngurumo umetulia, unaichukulia sampuli ya sekunde mbili inaufuta wote. Mngurumo wa kupanda na kushuka unaikwepa sampuli, ukikaza kufuta, sauti yako inaanza kusikika kama unaongelea ndani ya pipa. Mteja mmoja aliniandikia kwa upole, "sauti ina kama bati hivi."

Meseji ile ndiyo iliyotoa hela mfukoni.

## "Hii imekufa"

Niliipata Seasonic Focus GX-550, Gold, feni ya milimita 120 yenye beringi ya mafuta iliyofungwa, FDB, ambayo haijali imelazwa au imesimama. Kwenye lebo +12V ni 45A. Zidisha mwenyewe: 540. Imeandikwa 550 na inazo.

Muuzaji akataka tuijaribu pale pale kaunta, jambo zuri, akachukua klipu ya karatasi, akaunganisha pini ya kuwashia na ya ethi kwenye ile plagi kubwa ya pini 24, akachomeka ukutani. Feni haikuzunguka. Akachomoa, akachomeka tena. Kimya. "Hii imekufa, dada. Chukua hii nyingine," na mkono tayari uko kwenye ile ya 18A.

Nikamwambia kaka ngoja, pima. Akatoa mita, ncha nyekundu kwenye pini ya volti 12, nyeusi kwenye ya ethi. 12.1. Akaniangalia, akaangalia mita. Feni ya hizi inasimama mzigo ukiwa mdogo, ndo zilivyo, na mzigo pale kaunta ulikuwa sifuri. Kuna kitufe nyuma cha kuondoa huo mtindo, nikakibonyeza, tukasubiri kidogo, feni ikaanza. Alikuwa hajawahi kuona, akamwita mwenzake aje aone, wakawa wanakibonyeza kwa zamu na mimi nimesimama na hela mkononi.

Waranti miaka 10. Ya kuidai kwa nani sijui, risiti nimeiweka.

## Iko ndani

Usiku wa kwanza ule mtindo wa feni kusimama niliuacha, nikautoa kesho yake. Chumba kikiwa na joto feni inaamka, inapoza, inasimama, inaamka tena, na sikio linakishika kitu kinachoanza na kuacha kuliko kinachozunguka polepole moja kwa moja. Sasa inazunguka muda wote na kwenye maiki haimo. Kipimo cha rafiki yangu wakati wa kutoa video kinasoma 135 hivi, ile risiti haikunidanganya.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujaiga. Kwanza UPS, lile boksi la betri la kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Hizi za bei ya kawaida zikihamia kwenye betri hazitoi wimbi laini, zinatoa ngazi ngazi, na pawa saplai za kisasa nyingine hazilipendi, mashine inajizima umeme ukikatika wakati UPS ipo na ina chaji. Mwongozo wa ATX, ule wa vipimo vya pawa saplai za kompyuta, unataka pawa saplai ishikilie kama milisekunde 16 hivi bila umeme, UPS nyingi zinahama chini ya hapo, kwa hiyo yangu inavuka, ila UPS yenyewe ikiwa kwenye betri inanung'unika. Jaribu nyumbani kabla hujaitegemea. Pili, nyaya. Kama pawa saplai yako ni ya kuchomoa nyaya, usichanganye nyaya za kampuni moja na nyingine hata zikiingia vizuri, upande wa boksi kila mmoja anapanga pini anavyotaka na unaweza kuunguza diski zako kwa sekunde moja.

Na wenye Dell na HP za mtumba ambao najua mtauliza: fungua uangalie kwanza. Ofisi nyingi za nje zinatuletea OptiPlex na EliteDesk ambazo plagi ya madabodi siyo ile ya pini 24, OptiPlex 9020 kwa mfano ni pini 8, utahitaji adapta. Zile nyembamba za kulala ndo kabisa, pawa saplai ya kawaida haiingii kwenye hilo boksi.

Ile ya zamani fundi aliiomba. Nikampa, ila kwanza nikachukua maka peni nikaiandika juu ya stika ya 500W kwa herufi kubwa: WATI 192, FENI MBOVU. Akaisoma, akacheka, akaisugua kwa kidole gumba.

"Dada, hii thina inaitoa."